Uliza Ujibiwe: Nina pea ya 9, flopu imeleta K, nibeti au nicheki?

Barua za poka za awamu hii karibu zote zinahusu pea za kati. Mtu anapata 7-7 au 8-8 au 9-9 au 10-10 mkononi, anafurahi, flopu inatua na hapo hapo hajui afanye nini. Nimechukua barua nne. Ya kwanza nitakaa nayo sana maana hiyo ikieleweka zingine zinakuwa rahisi. Kwa mgeni: kwenye poka ya Texas kila mtu ana karata mbili mkononi, mezani zinafunguliwa tatu (hiyo ndo flopu), kisha ya nne, kisha ya mwisho. Blaindi ni hela ya lazima wanayoweka watu wawili kabla ya mchezo, ndogo na kubwa, na poti ni hela yote iliyowekwa. Kucheki ni kupita bila kuweka hela, kufuata ni kulipa beti ya mwenzako, kupandisha ni kuiongeza, kukunja ni kujitoa.

Kwa wale wanaoandika kwamba poka ni kamari na kwao ni haramu, nawaheshimu na siwashawishi kitu. Ila wapo wanaocheza kwa chipu tupu bila senti, na hesabu za hapa ni zile zile.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nacheza poka na washkaji huku Sinza, ile ya Texas, blaindi 1,000 na 2,000. Juzi nilikuwa wa mwisho kucheza nikapata 9-9, nikapandisha mpaka 6,000, wakakunja wote kasoro jamaa wa blaindi kubwa akafuata. Flopu K-7-4, kila moja aina yake. Akacheki nikabeti 10,000 akafuata. Ikaja 2, akacheki, nikaweka 25,000 akafuata. Ya mwisho Q, safari hii akabeti yeye 40,000, nikawaza weee nikalipa, akafungua K-J. Mezani wakagawanyika, mmoja anasema pea ni pea unabeti mpaka mwisho usionyeshe woga, mwingine anasema ukiona chini kuna karata kubwa kuliko yako we cheki tu basi. Nani yuko sahihi? — Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Kaka wote wawili wamekupa nusu nusu. Wote wanaangalia karata zako tu, hakuna anayemwangalia yule jamaa wa blaindi kubwa ana nini.

Kabla hujabeti pea ya kati jiulize vitu viwili tu. Nani atanilipa ambaye mimi nimemshinda? Na nani atakunja ambaye angeweza kunipita karata mbili zijazo? Ukipata jibu la maana kwa lolote kati ya hayo, beti. Kama wanaolipa wote wamekuzidi na wanaokunja wote hawana kitu wala matumaini, basi hiyo beti haina kazi, cheki, yaani gonga meza usitoe hela.

Sasa tuichukue flopu yako K-7-4 tuihesabu kabisa, maana watu wengi hapa wanaongea kwa hisia. Jamaa kafuata kutoka blaindi kubwa, tuseme ana vitu vya kawaida vya mtu anayefuata. K ziko nne, moja iko mezani, zimebaki tatu. Kwa hiyo K-Q inaweza kupatikana kwa njia 12 (K tatu mara Q nne), K-J njia 12, K-10 njia 12, jumla 36 zote zimekuzidi. Ongeza 7-7 na 4-4 ambazo sasa ni seti, yaani tatu za namba moja, njia 3 kila moja, tunafika 42. Hizo 42 hazikunji hata ukiweka nini.

Upande wa zile ulizozishinda, 8-8 ni njia 6. Zenye 7 za aina moja (zote mbili kopa, au zote mbili maua na kadhalika) kama A-7, 8-7 na 7-6 ni njia 9. Ukibeti 10,000 kwenye poti ya 13,000, hao ndo kidogo wanaweza kung'ang'ania, 15 dhidi ya 42. Umeona tatizo? Ukibeti kubwa unawafukuza uliowazidi, unabaki peke yako na wenye K.

Ila shusha beti iwe 4,000 tu uone inavyobadilika. Hapo 6-6 anafuata (njia 6), 5-5 anafuata (njia 6), A-4 na 5-4 za aina moja nazo zinafuata (njia 6), na wale 15 wa mwanzo wako hapo hapo, umeshafika 33. Na mtu wa A-Q au A-J mara nyingine atafuata kwa tamaa tu, akisema 4,000 si kitu. Kwa hiyo 42 kwa 33 na zaidi, mambo hayajawa mabaya tena.

Halafu kuna wanaokunja, na hawa ndo rafiki yako wa pili, yule wa "cheki tu", anawasahau. Q-J, Q-10 na J-10 ni njia 16 kila moja, jumla 48. Hawana kitu sasa hivi lakini kila mmoja ana karata 6 za kumwokoa, yaani Q tatu na J tatu kwa mfano, na akiachwa aone karata mbili za bure atakupita kama mara moja kati ya nne. Ukimfanya akunje hapo hapo kwa 4,000 umechukua poti ya 13,000 ambayo robo yake ilikuwa ya kwake. Na beti ya 4,000 kwenye 13,000 inahitaji akunje chini kidogo ya mara moja kati ya nne ndo ijilipe hata kama ungekuwa na karata mbovu kabisa. Beti ya 10,000 inahitaji akunje zaidi ya mara nne kati ya kumi, na wanaokunja wenye nafasi ya kukupita ni wale wale waliokuwa wakikunja kwa 4,000! Unalipa zaidi kununua kitu kile kile.

Kwa hiyo jibu langu: kubeti flopu ulikuwa sawa, kiasi ndo hakikuwa sawa. Beti theluthi ya poti, mara moja, basi.

Karata ya nne ikaja 2, haijambadilishia mtu kitu. Jamaa amefuata flopu, 48 zile zimeshakunja, umebaki na mtu mwenye K au mwenye pea ndogo kuliko yako. Ukibeti 25,000 mwenye 6-6 anaondoka, mwenye A-4 anaondoka, mwenye K anakaa. Hapo unacheki, na kucheki sio woga, pea yako ya 9 ni mkono unaoweza kushinda karata zikifunguliwa, kwa hiyo unataka ifike mwisho kwa bei nafuu. Pea ya kati ni mtaji mdogo wa genge, unatosha kuuzia nyanya na vitunguu ukarudi na faida, hautoshi kukopesha mtaa mzima.

Kuhusu ile 40,000 ya mwisho. Poti ilikuwa 83,000, yeye kaweka 40,000, unalipa 40,000 ili uchukue jumla ya 163,000, kwa hesabu tupu ulihitaji uwe mbele kama mara moja kati ya nne. Sasa jiulize anadanganya na nini? Kwenye flopu hapakuwa na flashi (karata tano za aina moja) ya kusubiri. Streti (karata tano za kufuatana) ya maana iliyokuwa ikisubiriwa ni ya mwenye 6-5, na hizo ni chache. Mtu aliyefuata mara mbili kimya kimya halafu karata ya mwisho ghafla anabeti mwenyewe, kwenye meza za washkaji huyo anacho. Sio kila meza duniani, lakini meza za Ijumaa za hela ndogo watu wanapenda kufuata, hawapendi kudanganya kwa kiasi kikubwa. Kunja. Hapo ulitoa 75,000 baada ya flopu, ambapo njia ya beti ndogo na kucheki ingekugharimu 4,000 na labda beti moja ya kawaida mwishoni, na mwenye K-J alikuwa yule yule na karata zile zile.

Usichukue hii ya K-7-4 ukaibandika kila mahali lakini, maana flopu zinatofautiana sana. Anza na namba hizi, zinasaidia kutuliza roho: ukiwa na 10-10, karibu mara 70 kati ya 100 flopu italeta angalau karata moja iliyo juu yako. 9-9 ni karibu 79, 8-8 karibu 87, 7-7 ni 92. Kwa hiyo ukiona karata kubwa chini usishtuke kana kwamba umeonewa, hiyo ndo hali ya kawaida ya pea hizi, ile ya kutoona karata kubwa ndo sikukuu.

Na sikukuu ikija, beti kwa nguvu. Una 9-9, flopu 8-5-2. Hapa kila mtu uliyemzidi ana sababu ya kulipa: A-8, 10-8, 8-7, 7-7, 6-6. Na kila mwenye karata mbili kubwa kama K-Q au A-J ana zile karata 6 za kukupita, robo ya wakati tena. Maswali yote mawili yana majibu mazuri. Weka nusu ya poti mpaka theluthi mbili, na karata ya nne ikiwa ndogo endelea. Watu wengi nawaona wanacheki hapa ati "natega", halafu inakuja Q wanaanza kulalamika kuhusu bahati. Pea ya 9 sio ya kutegea, karata nyingi mno zinaiharibu.

Flopu yenye ree (A), kama A-J-8, ni kinyume. Mtu wa kawaida akifuata anapenda kufuata na ree, kwa hiyo waliokuzidi ni wengi na hawakunji, na ambao hawana kitu mara nyingi wana K-Q au Q-10 zenye streti za kusubiri na hawakunji kirahisi nao. Ukiwa wa mwisho cheki, angalia karata ya bure. Beti ndogo mara moja moja dhidi ya mtu mmoja mwoga sio kosa, lakini isiwe tabia.

Mbaya kuliko zote ni flopu zilizoshikana, J-10-9 kopa mbili na wewe una 7-7. Hapa hata ukiwa mbele leo kesho hauko mbele. Ikija 8 unapata streti ya chini ambayo kila mwenye Q anaipiga. Cheki, na ukibetiwa kitu cha maana kunja bila kinyongo.

Zile zenye pea mezani watu wanaziogopa kupita kiasi. Flopu Q-Q-6 na wewe una 9-9: Q zimebaki mbili tu kwenye deki, kwa hiyo uwezekano wa mtu kuwa nayo umepungua sana kuliko flopu yenye Q moja. Pea yako mara nyingi iko mbele, na ni halali kubeti ndogo au kufuata beti moja.

Mkono maarufu kabisa wa namna hii ulitokea Las Vegas 2003, mashindano makuu ya dunia pale Binion's Horseshoe, watu 839, kiingilio dola 10,000 kila mmoja. Walikuwa wamebaki 10. Phil Ivey, mchezaji poka wa kulipwa, ana 9-9, Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi kupitia mchezo wa intaneti, ana A-Q. Flopu ikaja Q-6-Q. Moneymaker kabeti, Ivey kafuata, na kwa ambavyo Q zilikuwa chache mimi siwezi kumlaumu. Karata ya nne ikawa 9! Sasa Ivey ana fulu hausi (tatu za namba moja na pea), Moneymaker amebaki na karata 7 tu za kumwokoa kati ya 44, karibu asilimia 16. Chipu zote zikaingia, ikashuka ree, Ivey akatoka wa 10 na Moneymaker akaenda kuchukua ubingwa na dola milioni 2.5. Wengi wakisimulia mkono huu wanaishia kwenye ile ree. Mimi naomba mtazame flopu: Ivey alifuata beti moja na pea ya kati, hakupandisha, hakujenga poti kubwa akiwa hajui aliko. Chipu zake zote ziliingia baada ya pea kuwa fulu hausi, wakati ambapo ni yeye aliyekuwa mbele.

Kitu kimoja nje ya swali kaka, nacho nakisema kwa uzito. Umetoa zaidi ya 80,000 kwenye mkono mmoja wa meza ya blaindi 2,000. Kama hiyo ilikuwa hela ya kodi au ya ada ya mtoto basi hakuna hesabu ya flopu itakayokusaidia. Tenga ya mezani pembeni, ikiisha unanyanyuka.

SWALI: Mambo. Mimi hucheza cash na marafiki huku Kilimani, wengi wao wanaume na wananiona kama naogopa. Nilikuwa na 10-10 nikaraisi, wakakolu watatu, wote nyuma yangu. Flopu ikawa A-8-3, maua mbili. Nikacheki. Wawili wakacheki, wa mwisho akabet nusu ya poti, nikafold hata kabla ya kufikiria, wale wengine wakafold pia, alafu huyo jamaa akaonyesha 9-8 akicheka. Nilijiskia vibaya sana. Nilifaa nibet mimi kwanza ama? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Dada yangu, ulicheza vizuri na usikubali kicheko cha mtu kikubadilishie mchezo. Ni mara moja ameonyesha 9-8, zile mara ambazo ana A-9 haonyeshi, anachukua poti kimya na hakuna anayecheka.

Shida hapa ni idadi ya watu. Tuseme kila mmoja wao ana nafasi ya robo tu ya kuwa na kitu kinachokuzidi, ree au 8-8 au 3-3. Ukiwa na mtu mmoja uko mbele mara 75 kati ya 100. Wakiwa watatu unazidisha 75 kwa 75 kwa 75 ya asilimia, inabaki 42. Yaani karata zile zile, flopu ile ile, na kutoka kuwa mbele mara nyingi umekuwa nyuma mara nyingi kwa sababu tu ya viti viwili zaidi. Na watu wakifuata kwa wingi vile hupenda kuwa na ree ya aina moja, kwa hiyo hiyo robo niliyosema huenda ni ndogo kuliko hali halisi.

Halafu angalia na pale ulipokaa. Wewe unaongea kwanza, nyuma yako kuna watatu. Ukibeti, lazima wote watatu wakunje. Ukifuata ile nusu ya poti ya jamaa, bado kuna wawili hawajaijibu hiyo beti na mmoja wao anaweza kupandisha ukatoa hela bure. Kufuata nusu ya poti kunataka uwe na asilimia 25 na huenda dhidi ya huyo mmoja ulikuwa nazo, lakini hukuwa unacheza na huyo mmoja. Kama wewe ndo ungekuwa wa mwisho, watatu wamecheki, umeona hakuna anayeitaka, hapo ningekwambia weka theluthi na mara nyingi unaichukua. Au kama huyo jamaa angebeti na wengine wawili wakakunja kabla yako, hapo ningefuata mara moja nione karata ya nne.

Ambacho ningebadilisha ni kabla ya flopu. Ukiwa na 10-10 na meza ina watu wa kufuata fuata, pandisha zaidi ya kawaida yako. Kama huwa unaweka mara tatu ya blaindi, weka mara tano. Hutaki watatu wakufuate na 10-10, unataka mmoja. Wakisema unaogopa waache waseme, wanaolipa mara tano ya blaindi na 9-8 ni wao.

SWALI: Mkuu mimi swali fupi. 5-5 na 6-6 nalipa kila nikipandishiwa kutafuta seti. Rafiki yangu anasema napoteza hela. Kweli? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Inategemea mwenzio ana kiasi gani mbele yake. Ukiwa na pea mkononi, seti (au nne kabisa) inakuja kwenye flopu karibu asilimia 12, yaani unakosa mara saba na nusu kwa kila mara moja unayopata. Na ukipata sio kila siku utalipwa, mwingine atakuwa hana kitu atakunja. Kwa hiyo mimi natumia kipimo hiki: kama nalipa 6,000, mimi na yeye wote tuwe na angalau 90,000 nyuma, mara 15, na ikiwa mara 20 ni bora zaidi. Kama amebaki na 40,000 tu, seti yako haiwezi kukurudishia zile mara zote ulizokosa, kunja.

Na ukikosa seti kwenye flopu ya Q-10-8 usianze kubeti 6-6 ili "kumpima". Ukiwa nyuma una karata mbili tu za kukuokoa kwenye deki nzima, asilimia 4 na kidogo kwa kila karata inayoshuka. Ila seti ikija kwenye flopu, beti hapo hapo, usifiche. Meza zetu wanafuata, wape nafasi ya kufuata.

SWALI: Shikamoo. Niko Houston kwa masomo, nimeanza kucheza turnamenti ndogo hapa na wenyeji. Nina chipu za blaindi kubwa 14, nikapata 8-8 katikati ya meza, nikapandisha mpaka 2, blaindi kubwa akafuata. Flopu 10-6-2, shupaza mbili. Poti kama blaindi 6, nimebaki na 12. Akacheki, na mi nikacheki nikiogopa kupandishiwa zote. Ikaja K, akabeti, nikakunja. Naona kama nimeiachia. — Msomaji, Houston, Texas

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Uko kwenye jimbo lenyewe, bunge la Texas mwaka 2007 lilitambua rasmi mji wa Robstown kuwa ndiko mchezo huu ulikozaliwa, kwa hiyo usishangae wazee wa huko wakikupa shida.

Umeiachia kweli. Rudi kwenye yale maswali mawili niliyompa kaka wa Sinza. Nani anakulipa uliyemzidi? Wenye 6, wenye 7-7 na 5-5, wenye shupaza mbili. Nani anakunja ambaye angekupita? Wenye K-Q, K-J, Q-J, A-9, na ona hiyo K iliyoshuka, ndo ile ile uliyompa bure. Karata moja tu juu yako, 10, na mtu wa blaindi kubwa hana 10 kila siku. Hii flopu ni ya kubeti kabisa.

Tofauti yako na yule wa Sinza ni kwamba chipu zako ni chache, kwa hiyo uamuzi wa kupandishiwa unaufanya kabla hujabeti, sio baada. Weka blaindi 2. Akisukuma chipu zote, unatakiwa kuongeza 10 ili uchukue jumla ya 30, yaani theluthi. Dhidi ya mwenye 10 uko pabaya sana, karibu asilimia 8 au 9 tu. Dhidi ya mwenye 6 uko vizuri mno, karibu 80. Dhidi ya mwenye shupaza mbili uko mbele kidogo, hata akiwa na karata moja kubwa. Ukichanganya hao watu wa kawaida, theluthi unaipata, kwa hiyo unabeti ukiwa umeshajua kwamba akisukuma unalipa. Isipokuwa umemwona huyo jamaa usiku kucha hajasukuma bila kuwa na kitu, huyo ukikunja sikulaumu, umebaki na blaindi 10 na bado unacheza.

Ila usibeti 6, nusu ya chipu zako zote, ukiwa na nia ya kukunja akisukuma. Hapo ungetakiwa kuongeza 6 kwenye jumla ya 30, asilimia 20 tu, na ukikunja kwa bei hiyo umetupa nusu ya turnamenti yako kwa hiari. Kama beti inataka kuwa kubwa hivyo basi sukuma zote mwenyewe tangu mwanzo, yeye ndo abaki na kazi ya kuamua.